Nasaba ya Haragwe Jeusi: Mazungumzo ya Mamboleo

Sisi watu wa Pwani ni mafundi wa kuyapika maharagwe, lakini si sisi tunaoyalima. Haragwe halipendi joto la kwetu. Usiku ukiwa na fukuto, maua yake hupukutika kabla ya kushika, na mkulima hubaki na majani matupu. Ndiyo maana mashamba ya Kwale na Kilifi huonekana kunde, mbaazi na pojo, na maharagwe yenyewe hutujia kwa magunia kutoka bara. Yale yanayochemka katika tui la nazi Mvita, Lamu na Malindi, na yale yanayoandikwa mezani wakati wa kufuturu, ni wageni waliotoka mbali.

Ada yetu ni kwamba mgeni akibisha hodi hukaribishwa, akala, kisha akaulizwa atokako. Mgeni huyu wa chunguni hatumwulizi neno. Tunatazama rangi tu, tunachagua mekundu yenye madoadoa, tunalipa na kwenda zetu. Leo, msomaji mpenzi, nataka tumwulize nasaba yake, kwani ndani yake mna habari ya njaa na shibe ya watu wengi, na sisi walaji tumo katika habari hiyo bila ya kujijua.

Tuanzie Mamboleo. Wazee wetu wakilisikia jina hili watalikumbuka gazeti la Mambo Leo lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923. Mamboleo ninayoisema mimi ni kitongoji cha Kisumu, katika barabara ipandayo kwenda Kakamega. Hapo leo pana uwanja mkubwa wa michezo wenye jina la Jomo Kenyatta, ambao uliandaa sherehe za Siku ya Madaraka mwaka 2021. Kabla ya kujengwa uwanja huo, hapo ndipo watu wa Kisumu walipokuwa wakihudhuria maonyesho ya kilimo. Upande mmoja, huko chini, limelala ziwa, na upande wa pili vimesimama vilima vya Kajulu. Joto la Mamboleo mtu wa Mombasa hulivumilia kama la kwao. Lakini panda gari uelekee Kiboswa, Majengo na Chavakali, na punde utaanza kutafuta shuka ya kujifunika. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nao mji wa Kakamega umepita mita 1,500. Huko juu, katika wilaya za zamani za Vihiga na Kakamega, ndiko haragwe linakostarehe.

Kwa hiyo Mamboleo ni mlango. Mazao ya mlimani hushukia hapo kuingia Kisumu. Katika njia panda hiyo nilimkuta mama mmoja wa makamo, muuza nafaka, ameyapanga maharagwe yake juu ya magunia, kila rangi na fungu lake. Hupima kwa gorogoro, yaani kopo la kilo mbili, kama vile sisi tulivyozoea kibaba na pishi. Nilimwamkia, naye akaniitikia, "Karibu, nyathina," ndiyo kusema "mwanangu" kwa Kijaluo. Mbele kabisa aliweka yale ya madoadoa mekundu yajulikanayo kwa jina la Rosecoco. Nyuma, karibu kufichwa, palikuwa na fungu la maharagwe meusi tii kama mbegu za mpapai.

"Mama, na haya meusi nayo huliwa?" nikamwuliza.

Akacheka. "Nyathina, hayo ndiyo yaliyotulisha mekundu yalipokufa. Mgeni akija anataka madoadoa, nami namwuzia madoadoa. Lakini nyumbani kwangu nyoyo naipika kwa hayo meusi."

Nyoyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula kile kile ambacho kwetu huitwa pure. Lakini lililonishika si chakula. Ni neno lile alilolisema, kwamba mekundu yalikufa.

Yalikufa kweli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia miaka ya 1990, wakulima wa Kenya magharibi walianza kuona jambo la kutisha. Walipanda maharagwe mvua zikianza, yakaota vizuri, na baada ya wiki chache miche ikawa manjano, ikanyauka na kulala chini. Ukiung'oa mche, unatoka bila ya tabu, kwani mizizi imeoza na kugeuka rangi ya udongo. Wako waliovuna kidogo kuliko mbegu waliyoipanda. Wako waliokata tamaa wakaacha kabisa kupanda maharagwe, na katika nchi ambayo nyama hupikwa kwa nadra, kuacha maharagwe ni kuwanyima watoto kile kiwajengacho mwili.

Adui mkubwa katika ugonjwa huo ni kidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho wataalamu hukiita Pythium. Hufanana na kuvu, lakini si kuvu halisi. Asili yake ni jamaa ya viumbe wa majini, na vijimbegu vyake huogelea katika maji ya udongo uliolowa mpaka vikaufikia mzizi mchanga. Mara nyingi huandamana na kuvu waitwao Fusarium, wakasaidiana kuumaliza mmea. Kwa nini walizidi nguvu wakati ule? Mashamba ya Vihiga ni madogo sana, kwa kuwa watu ni wengi na ardhi imegawanywa baba kwa mwana mpaka imebaki vipande. Mwenye kipande hawezi kukipumzisha. Hupanda maharagwe juu ya maharagwe, msimu kwa msimu, udongo ukachoka na adui akanenepa.

Dawa za kupaka mbegu zipo, lakini zina bei, na mwenye robo eka hana fedha ya kununua dawa kila msimu. Ikabidi dawa itafutwe ndani ya mbegu yenyewe.

Rosecoco iliyokuwa ikipandwa sana ni aina ya GLP 2, iliyochaguliwa na mradi wa utafiti wa jamii ya kunde uliokuwa Thika. Ni haragwe zuri: punje kubwa, rangi ya kuvutia, na soko lake halilali. Kasoro yake ni kuwa mbele ya ugonjwa wa kuoza mizizi haina ngao. Basi wataalamu wa kituo cha Kakamega cha shirika la utafiti wa kilimo, KARI, ambalo kwa sheria ya mwaka 2013 limeingizwa katika shirika jipya la KALRO, wakaanza kuyajaribu maharagwe kutoka kila pembe katika udongo ule ule wenye ugonjwa. Walisaidiwa na CIAT, kituo cha kimataifa kilichoanzishwa Kolombia mwaka 1967. Walipanda, wakangoja, wakatazama nani atabaki amesimama.

Miongoni mwa waliobaki wamesimama walikuwamo majirani zetu. Mmoja aliitwa RWR 719, mzaliwa wa Rwanda. Mwingine, MLB 49-89A, alitoka Mulungu, huko Kivu, mashariki ya Kongo, naye alikuwa mweusi. Wakulima walipewa aina hizi katika miaka ya 1990 kwa majina mapya: yule wa Rwanda akaitwa KK 22, mweusi wa Kongo akaitwa KK 15, na pamoja nao KK 8. Ndiyo hayo meusi niliyoyakuta Mamboleo nyuma ya magunia.

Sasa swali: kwa nini la Rwanda lipone na la Thika life, katika udongo mmoja na mvua moja? Hapa yatubidi tuingie katika hesabu, lakini msomaji aliyewahi kuhudhuria kugawanywa kwa mirathi mbele ya kadhi hatapata taabu, maana amekwisha zoea nusu, robo na thumni. Tofauti ni moja: katika urithi wa mimea mafungu ya baba na mama ni sawasawa. Baba hutoa nusu, na mama hutoa nusu.

Chukulia kwamba kila mmea una hati mbili kwa kila sifa yake, moja ya baba na moja ya mama. Haragwe la Rwanda hati zake zote mbili zasema "kinga". Rosecoco zake zote mbili zasema "hapana kinga". Waoze hawa wawili, na kila mtoto atapata hati moja ya kinga na moja isiyo na kinga. Je, mtoto huyo ataugua? Haugui, kwa kuwa hati ya kinga ina nguvu kuliko mwenzake, ikawapo hata moja inatosha. Lakini ile dhaifu haikufutika. Imejificha tu. Waache watoto hao wazae wenyewe kwa wenyewe, na ukiwahesabu wajukuu utaona kwamba katika kila wanne, kwa wastani, mmoja amepata hati mbili za kinga, wawili wamepata mchanganyiko, na mmoja amepata mbili dhaifu. Robo tatu watapona, na robo moja watakufa.

Hivyo hasa ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2003 mtafiti Reuben Otsyula wa Kakamega na wenzake, akiwamo Robin Buruchara wa CIAT, walitangaza kwamba walipoyaoza maharagwe yenye kinga na yale yasiyo na kinga, wajukuu walijigawa kwa hesabu hiyo ya robo tatu na robo. Maana yake ni kuwa kinga ya maharagwe yale dhidi ya Pythium yategemea hati moja tu yenye nguvu.

Hati hiyo ndiyo iitwayo jeni. Padri Gregor Mendel aligundua hesabu hii kwa kuchunguza njegere katika bustani ya monasteri ya Brno, akaichapisha mwaka 1866, naye alijaribu hata maharagwe. Neno lenyewe la jeni lilitungwa mwaka 1909 na Wilhelm Johannsen wa Denmaki, mtu aliyepata sifa kwa kupanda maharagwe na kuyapima uzito, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo elimu nzima ya nasaba ya viumbe, ambayo leo hospitali zetu huitumia kuchunguza maradhi ya binadamu, deni lake kwa jamii ya kunde si dogo.

Kwamba kinga ni ya jeni moja ni bishara njema kwa mfugaji wa mbegu, kwani kilicho kimoja huhamishwa kwa urahisi. Kazi yake ni hivi. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe kabla hata ya kufunguka, yaani halingoji posa. Basi mtaalamu hulifungua tumba kwa koleo ndogo, akaondoa vikonyo vya kiume, akapaka unga wa ua la ukoo mwingine. Mtoto akizaliwa, huozwa tena kwa ukoo wa Rosecoco, na mjukuu vivyo hivyo, mara nyingi, huku kila kizazi kikichunguzwa kama bado kina hati ya kinga. Mwisho hupatikana haragwe ambalo sokoni ni Rosecoco kwa umbo na rangi, lakini mzizini ni Mnyarwanda. Siku hizi hata kuliingiza katika udongo wenye ugonjwa si lazima. Hukatwa kipande cha jani changa, na maabara ikaisoma alama iliyo jirani na jeni hiyo.

Lakini tusifanye haraka ya kushangilia. Kufuli moja, mwizi akikaa nalo muda mrefu, hujifunza kulifungua. Na wakati mwingine ngao yenyewe humgeukia mwenyewe, kama inavyoonyesha habari ya batobato.

Batobato la maharagwe ni ugonjwa wa virusi. Hupitia katika mbegu na huchukuliwa na vidukari kutoka mmea hadi mmea. Wataalamu waligundua jeni yenye nguvu waliyoiita kwa herufi moja, I, ambayo huzuia virusi hao, wakaitia katika maharagwe ya nchi nyingi. Kumbe Afrika Mashariki ina virusi vya jamaa ya batobato vyenye ukali wa namna nyingine. Mmea wenye jeni I ukipigwa na virusi hivi hujilinda kupita kiasi, mpaka ulinzi wenyewe ukaiunguza mishipa yake. Shina na mizizi hugeuka nyeusi na mmea hufa, hali yule asiye na jeni hiyo huugua tu akaishi. Ni kama mlinzi ambaye, kwa kumwogopa mwizi mmoja, huitia moto nyumba nzima.

Tiba ilipatikana katika jeni nyingine, bc-3. Hii haipigani. Virusi havina mitambo yao wenyewe, hutumia mitambo ya mmea ili kuzaana, na bc-3 hubadili kifaa kimoja ambacho virusi hukihitaji, vikakosa pa kushika. Ila jeni hii ni ya wale wanyonge: haifanyi kazi mpaka mmea uirithi kwa baba na kwa mama pia. Ndiyo sababu wafugaji wa mbegu hujitahidi kuzikutanisha I na bc-3 katika mmea mmoja, ya pili imlinde wa kwanza na hasira yake.

Kutokana na mambo kama haya wataalamu wamejifunza kutotegemea ngao moja. Liko haragwe la kutambaa kutoka Meksiko, G2333, ambalo watafiti wamekuta ndani yake jeni kadhaa za kuzuia chule, ugonjwa wa kuvu uachao vidonda vyeusi juu ya maganda. Haragwe hilo lilipelekwa Rwanda na likapendwa huko kwa jina la Umubano. Kuvu akiivunja ngao moja, hukuta ya pili.

Na kwa nini kila mara twaambiwa Meksiko? Kwa sababu haragwe si la Afrika kwa asili. Watu wa Amerika walilifuga mara mbili, mahali pawili mbalimbali: Meksiko na nchi jirani zake, na tena katika milima ya Andes. Lilivuka bahari kuja kwetu baada ya Wareno kuzifungua njia hizo, katika karne ya 16 na zilizofuata. Rosecoco na jamaa zake wenye punje kubwa ni ukoo wa Andes. Maradhi nayo yana makabila yake, na yako yaliyozoea kuushambulia ukoo wa Andes kuliko mwingine. Basi mara nyingi kinga ya ukoo mmoja hupatikana kwa ukoo wa pili. Sisi tunaopenda kuoana mabinamu twaweza kutabasamu, lakini katika maharagwe posa ya mbali ndiyo iletayo afya.

Ndiyo maana kituo cha CIAT, Kolombia, kimehifadhi katika ghala zake za baridi aina zaidi ya 37,000 za maharagwe, makubwa na madogo, mazuri na yale ambayo sokoni hakuna ayatazamaye. Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza wamekwisha kuisoma hati nzima ya urithi wa haragwe, jeni zipatazo 27,000 katika nyuzi 11. Lakini kusoma si kuumba. Kinga inayotafutwa lazima iwepo mahali, ndani ya mbegu ambayo mtu fulani aliiweka akaipanda tena. Mkulima wa Kivu au wa Rwanda anayechanganya rangi nyingi katika shamba moja, ambaye bwana shamba wa zamani angemwita mzembe, alikuwa akilinda hazina: ugonjwa ukija, hauwezi kuwaua wote.

Hapa, msomaji, ndipo habari inapotufikia sisi walaji. Haragwe jeusi la Kongo lilipofika Vihiga, watu walisitasita. Rangi yake haikuwa ya kawaida, na ukilipika mchuzi wote hugeuka kama wino. Lakini njaa ilimfunza mkulima, na alipoona kwamba hili husimama pale Rosecoco ilipolala, akalipanda, akalila, akalizoea. Asiyelizoea ni mnunuzi wa mbali. Mnunuzi wa mbali ni mimi na wewe. Muuzaji wa Mamboleo huweka mbele kile tunachokidai, na mkulima hupanda kile ambacho muuzaji hukiweka mbele. Tukidai rangi moja tu, tunamsukuma mkulima wa robo eka arudi kwenye mbegu moja, na mbegu moja ndiyo aliyoipoteza mara ya kwanza.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, haragwe jeusi ni chema ambacho kilihitaji kutembezwa, nami nimeamua kulitembeza. Nilinunua gorogoro moja kwa yule mama, nikayachukua mpaka Mombasa. Niliyaloweka usiku, nikayachemsha hata yakalainika, nikatia kitunguu, pilipili manga na tui zito la mwisho. Mchuzi ulitoka zambarau iliyokoza. Watoto waliutazama kwanza kwa shaka, kisha wakaomba mkate mwingine wa kuchovya.

Basi ukienda sokoni, mwulize mwenye duka kama anayo meusi. Kama hana, mwulize tena wiki ijayo. Maswali ya wanunuzi husafiri haraka kuliko magunia, na huko juu ya Mamboleo yuko mtu anayengoja kusikia nini cha kupanda mvua zijazo.